Karakana Isiyo na Mwenyewe

Bi Mkasi hakupewa jina hilo kwa ajili ya ushonaji peke yake. Ulimi wake nao ulikata. Mteja akileta kitambaa pungufu halafu adai gauni la marinda, alimwambia pale pale kwamba mbele ataipata, ila mgongo ausubiri mwaka kesho. Watu walicheka, wakaenda kuongeza kitambaa, wakarudi. Lakini ukitaka kumjua mama huyu usianzie kwenye ulimi wake. Anzia pale alipofiwa na mzee aliyemfundisha kazi.

Mzee huyo alikuwa fundi wa mafundi. Alikata suti kwa jicho, bila chaki wala karatasi, na suti ikamkaa mtu kama amezaliwa nayo. Chini yake walikuwa mafundi tele, kila mmoja na cherehani chake, na Bi Mkasi akiwa bado binti mbichi wa kutia vifungo. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa mzee: vipimo vya wateja, nani anaaminika na nani msumbufu, hata mahali anapoficha ufunguo wa stoo. Wala hakuona vibaya. Alijivunia.

"Mkiniondoa mimi hapa, mmebaki na kuta," alikuwa akiwaambia, na mafundi wakicheka ili kumfurahisha.

Basi mzee akafariki ghafla, mtu aliyekuwa na afya zake, na wakabaki na kuta kweli. Wateja walikuja kudai nguo zilizokatwa nusu, na hapakuwa na aliyejua kipande kipi ni cha nani. Msiba haujapoa, watoto wa marehemu walikuwa wameshagombana na vyerehani vinauzwa. Mafundi waliozeekea mle ndani wakatoka na mikasi yao mfukoni, kama wageni waliokaa kupita kiasi kwenye nyumba ya watu. Tuseme ukweli, nyumba ilikuwa ya watu. Wao walikuwa wamejisahau tu.

Bi Mkasi alilia sana, na machozi mengi yalikuwa ya hasira. Kitu kizuri vile, kilichoshikiliwa na mikono ya watu wengi, kizimike kwa sababu mtu mmoja ameacha kuvuta pumzi. Akajiapia kwamba atakapoanzisha cha kwake, hakitakuwa cha kwake.

Alianza katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye dirisha moja la kutazama barabarani na bati lililowaka moto adhuhuri. Walikuwa watu watatu. Yeye; wifi yake, yaani dada wa mumewe, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kushona kola; na mwanamume mmoja wa kupiga nguo pasi, ambaye kila mtu alimwita Pasi, mkewe akiwa wa kwanza. Walishona sare za shule. Sare haina urembo, lakini watoto hawaachi kurefuka, kwa hiyo kazi haiishi.

Jambo la kwanza Bi Mkasi alilofanya liliwashangaza wenzake. Alichukua karatasi ngumu, zile za maboksi, akachonga violezo vya kila kipande cha nguo: mkono, kola, mfuko, kiuno. Akavitoboa, akavitundika ukutani kwenye misumari, mahali ambapo hata mtu mfupi anafika. Mafundi wa mtaa walipokuja kuchungulia walimcheka. Siri ya kazi huning'inizwa ukutani kama nguo za kuanikwa? Akawajibu kwamba siri inayokaa kichwani inaondoka na kichwa.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Kila shule zilipofungwa na kazi kupungua, watu walibadilishana viti. Aliyekuwa akikata alikwenda kutia vifungo, wa vifungo akapokea wateja, wa wateja akashika pasi. Na mtu akishakuwa hodari kupita wenzake katika jambo, hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba amefika wakati wa kulifundisha na kuliachia. Hapo wifi alipandisha mori.

"Kola zangu nimpe Pasi? Azikunje kama shuka la mgonjwa?"

"Mfundishe asizikunje hivyo."

"Na mimi nifanye nini?"

"Upige pasi, wifi yangu. Uone joto analolisemaga mwenzio."

Kola za mwanzo za Pasi zilikuwa aibu tupu. Wifi alizifumua huku akiongea peke yake kutwa nzima. Zilipoanza kukaa sawa, alikuwa wa kwanza kuwaonyesha wateja na kusema mwanafunzi ni wake.

Kwa mwendo huo, karakana ilikua polepole mno. Mafundi walioanza nyuma yao walishafungua maduka yenye vioo mbele. Bi Mkasi alikataa kazi kubwa, nono, za kumtoa mtu udenda, kwa sababu moja tu: bado kulikuwa na hatua ambayo anaijua mtu mmoja. Mpaka wapatikane wawili, kazi haipokelewi. Watu walidhani ana woga. Mumewe, mtu wa maneno machache, ndiye aliyemwelewa mapema. "Wewe unashona watu," alimwambia siku moja wakila. "Nguo ni nyongeza."

Yeye mwenyewe hakujiweka nje ya utaratibu. Kila mwaka, zamu yake ikifika, alitakiwa kukaa nyumbani kwa muda, asiulizwe neno, wala asikanyage karakana. Mara ya kwanza alipojaribu, ulitokea mkasa wa mikono.

Kwenye violezo vyake, Bi Mkasi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HUU NDIO UPANDE WA JUU. Alifanya hivyo makusudi ili pasitokee makosa. Zamu ile Pasi ndiye aliyekuwa mezani akikata, na Pasi alikuwa mtu wa kufuata agizo kuliko askari. Sasa, mkono wa shati kiolezo chake ni kimoja. Ukishakata wa kushoto unakipindua, unakata wa kulia. Lakini ukikipindua, maandishi mekundu yanaangalia chini. Pasi akafikiri, akaona hawezi kwenda kinyume na maandishi ya Bi Mkasi, akakata. Akakata vizuri, kwa mstari ulionyooka, mashati ya shule nzima, yote yakiwa na mikono ya kushoto.

Bi Mkasi alipita barabarani kwa bahati mbaya. Hivyo ndivyo alivyodai, ingawa kwenda sokoni hakukuhitaji kupitia njia ile. Akachungulia dirishani, akaona lundo la mikono limelala meza nzima, yote imeelekea upande mmoja. Damu ikamchemka. Aliingia kama upepo, akawaondoa wote mezani, akashika mkasi mwenyewe. Akapima, akaunga vipande, akaokoa kilichookoka na kukata upya kisichookoka. Sare zilifika shuleni kwa wakati. Kila mtu alimshukuru, na Pasi alimshukuru huku macho yameiva.

Kilichofuata ndicho kibaya. Kuanzia siku ile, hakuna aliyekata hata uzi bila kutazama dirishani kwanza kama Bi Mkasi anachungulia. "Mama, nianze?" Pasi aliuliza asubuhi. "Mama, niendelee?" aliuliza mchana. Watu waliokuwa wameanza kutembea wenyewe wakarudi kutambaa. Bi Mkasi alidhani ni heshima, na ikamnogea, mpaka wifi yake alipomtolea uvivu.

"Wifi, yale mashati uliyaokoa. Sisi ukatuvunja miguu."

"Kwa hiyo ningeacha wakabidhiwe watoto mikono ya kushoto mitupu?"

"Tungegundua. Mtoto wa kwanza akivaa tu, tungegundua. Tungeaibika, tungeomba radhi, tungekata upya. Aibu ilikuwa yetu, ukatunyang'anya."

Neno hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli, na alikuwa mtu wa kuambiwa mara moja. Mwaka uliofuata, zamu yake ya kukaa kando ilipofika, alifunga mzigo akaenda kwa kaka yake, mbali, ambako hata akitaka kuchungulia angechungulia mashamba ya watu. Aliporudi alisikia kwa majirani kwamba kulitokea balaa la sketi kukatwa fupi. Waliokata walikwenda wenyewe kwa mwalimu mkuu, wakasimama mbele yake wakasema kosa letu, wakashona upya. Mwalimu mkuu akawaongezea kazi ya shule ya pili. Ndani ya karakana hakuna aliyemsimulia Bi Mkasi habari hizo, maana hazikuwa za kumsimulia. Zilikuwa zimekwisha. Alikaa kwenye kiti chake akahisi ametelekezwa kidogo, na pia akahisi raha ambayo hakuwahi kuipata kwa kusifiwa.

Miaka ikaenda. Chumba kimoja kikawa viwili, wakahamia kwenye jengo lao wenyewe, lenye madirisha mengi na feni. Waliingia wengine, akiwamo mwanamke mmoja mnene, mpole, aliyeweza kumaliza wiki bila kusema sentensi iliyokamilika. Wakamwita Kimya. Wote waliokaa vya kutosha walihesabiwa wenye karakana kwa usawa, na sheria zao walizipitisha wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, kwa kuinua mikono.

Kati ya sheria hizo moja ilikuwa na harufu. Wifi, kwa kuwa alikuwa anapendwa na sauti yake inafika kila kona, alianza kuzoea kusema, "Nitakapokaa mimi hapo mbele..." Bi Mkasi aliingiwa na hofu. Akaona karakana inageuka ya ukoo, leo wifi, kesho mtoto wa wifi, na keshokutwa ugomvi na vyerehani mnadani. Basi kwenye kikao akapendekeza: anayetoka katika uongozi, ndugu yake asirithi nafasi, awe wa damu au wa ndoa. Alipofika kwenye "wa ndoa" watu wote wakaanza kutazama dari. Mle ndani ndugu wa ndoa alikuwa mmoja tu.

Wifi aliinua mkono kuikubali, uso mkavu. Kisha akamnunia Bi Mkasi msimu mzima. Wakikaa meza moja, alipitishia maneno kwa jirani. "Pasi, mwambie wifi yangu anisogezee chaki." Na Pasi, mtu wa kufuata agizo, alimgeukia Bi Mkasi aliyekuwa amekaa hapo hapo akisikia, akasema, "Mama, wifi yako anaomba chaki." Mnuno huo uliisha kama ulivyoanza, bila kikao. Siku moja wifi alimwomba Bi Mkasi chaki mwenyewe, akaipata.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Magoti ya Bi Mkasi yalianza kumgomea, na uzi ukawa haupiti kwenye tundu la sindano mpaka aite mtu. Akatangaza anaachia uongozi. Hilo lilikuwa rahisi. Alilingojea maisha yake yote. Kilichomshinda kilikuwa nani akae.

Alikuwa na binti. Binti huyo alikulia chini ya meza ya kukatia, akicheza na vipande, na sasa alikuwa fundi kamili kwa haki yake, mwenye mikono ya mama yake bila ulimi wake. Aliingia kama wengine wote, akaanzia vifungoni, akazunguka kila kiti. Hakuna aliyeweza kusema amebebwa. Na Bi Mkasi, kila alipomtazama akikata, alijisikia akisema moyoni: sheria ile ilikuwa ya wakati ule. Ilikuwa ya wifi. Mtoto huyu ni mwingine. Akaanza kuamini kwamba bila binti yake karakana itayumba. Mtu aliyejiapia baada ya kifo cha mzee wake sasa hakupata usingizi akiwaza kwamba watabaki na kuta. Mumewe alipomsikia akilieleza hilo aliguna tu, na mguno wake Bi Mkasi aliujua maana, akajifanya hakusikia.

Kikao kiliitwa Jumamosi mchana, kazi zimefunikwa. Mabenchi yalipangwa katikati ya vyerehani. Bi Mkasi alisimama, akaegemea meza, akasema kwa ufasaha ambao hata yeye ulimshangaza. Akawakumbusha chumba cha bati. Akawataja waliotangulia mbele za haki. Wengine walijifuta macho. Halafu akaomba: ile sheria ya ndugu iondolewe, ili binti yake aweze kuchaguliwa kama fundi mwingine yeyote. Hakuwa ameomba kitu kwao miaka yote hiyo. Anaomba hiki kimoja.

Feni ilizunguka. Wifi akasimama, polepole, maana naye magoti yalikuwa ya umri ule ule.

"Binti ni mtoto wangu," akasema. "Nilimbeba mgongoni humu humu. Kukata anajua kuliko mimi. Wanaosema hawezi, mimi simo." Akamgeukia Bi Mkasi. "Lakini wifi, sheria hii uliitunga kwa ajili yangu. Msitazame dari, kila mtu anajua. Iliniuma, nikaimeza, kwa sababu ulisema kweli: leo ndugu, kesho ndugu, keshokutwa hakuna karakana. Kama ilikuwa kweli kwangu, ni kweli kwa mwanao. Na kama kwa mwanao ni uongo, basi ulinionea."

Akaketi. Bi Mkasi alihisi masikio yanawaka. Akasema, kwa sauti kavu, wanaotaka sheria iondolewe wainue mikono. Akangoja aione mikono, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kunyimwa. Pasi aliinua wake, ukafika kichwani, akajikuna, akaushusha. Hakukuwa na mwingine. Bi Mkasi akamtazama binti yake. Binti alikuwa ameilaza mikono mapajani na anamtazama mama yake machoni.

"Wanaotaka ibaki," akasema.

Kimya aliinua wa kwanza. Halafu wifi, halafu benchi la dirishani, halafu Pasi, huyu sasa bila kujikuna. Halafu binti yake. Mikono ilisimama mingi, mingine ya wazee aliowafundisha kushika sindano, mingine ya wasichana walioingia juzi ambao ulimi wake bado uliwatetemesha. Wote walikuwa wanamkatalia, na wanamtazama usoni wakifanya hivyo.

Bi Mkasi aliona aibu, tusimfichie. Aliona aibu na uchungu, na kwa dakika ile angeweza kusema neno ambalo lisingerudi. Alisema, "Haya." Akaendesha kikao mpaka mwisho kama inavyotakiwa. Walimchagua Kimya. Alipoulizwa ana la kusema, alisimama, akafikiri sana, akasema, "Jumatatu tuwahi, kuna kazi ya hospitali," akakaa. Watu wakapiga makofi.

Njiani Bi Mkasi alitembea na wifi yake mpaka walipopita duka la vifaa vya ujenzi, kule walikoanzia. Hapo akashindwa kujizuia.

"Mlikaa lini mkalipanga?"

"Kupanga nini?"

"Kunikataa."

Wifi alimshangaa. "Nani alikaa? Mimi nilikuja nikijua nitasimama peke yangu. Nilishajiandaa kushindwa, wifi. Hata kilio nilikuwa nacho tayari."

"Hamkuongea?"

"Na nani? Kila mtu alikuwa anaogopa mwenzake atakuonea huruma."

Bi Mkasi alisimama katikati ya njia. Watu wakampita kushoto na kulia, mmoja akamgonga bega na kuomba radhi, hata hakumsikia. Kila mmoja alikuja peke yake, akijua ni nani anasimama mbele yake, na akainua mkono. Hakuna aliyewapanga. Hakuna aliyechungulia dirishani. Akahisi kitu kinapanda kifuani, akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko, na kilipotoka kilitoka kikubwa mpaka wifi akamshika mkono akidhani anaanguka.

"Hakuna hata mmoja aliyeniogopa," akasema akijifuta macho.

"Hata mmoja."

"Hata yule Pasi."

"Pasi alikuogopa. Ila aliinua."

Nyumbani alimkuta binti ameshafika, amesimama jikoni na mwiko mkononi, hajui auweke wapi. "Mama," akasema taratibu, "umekasirika?"

"Nimekasirika sana," Bi Mkasi akajibu, akavuta kiti na kuyanyoosha magoti yake. "Pakua tule. Halafu unieleze huyo Kimya Jumatatu amenipangia kiti gani."

Binti aliinamisha kichwa akificha tabasamu. "Shangazi alimuuliza hilo mlipokuwa mnatoka. Kasema hajakupangia kiti cha peke yako, Mama. Kasema utaanzia vifungoni, kama wote."